Boila Ikizima Saa Tisa Usiku

Kalamu ilikuwa mkononi mwa sista, muuguzi mkuu wa wodi, karatasi ya kibali cha kubadilisha boila za hospitali iko mezani mbele yake, na sote tuliobaki mle chumbani tulikuwa tunangoja sahihi tu tuondoke. Kikao kilishakwisha. Msimamizi wa mradi alikuwa ameshafunika kompyuta yake, mtu wa kampuni ya kukodisha boila anapapasa mifuko akitafuta funguo za gari. Mimi nilisimama karibu na mlango, ramani za mabomba zimeviringishwa kwapani.

Sista akainua uso. Hakumtazama msimamizi, alinitazama mimi, akauliza kwa Kiswahili mbele ya watu ambao hawajui hata salamu yake:

"Fundi, hebu niambie kitu kimoja. Hiyo boila yenu ya kukodi ikizima saa tisa usiku, anakuja nani? Na anaingilia mlango gani?"

Ikabidi nitafsiri. Nilipomaliza kutafsiri, hakuna aliyesema neno.

Tulikuwa na majibu ya mambo mengine yote. Tulijua boila ile ina nguvu kiasi gani, inakunywa dizeli lita ngapi kwa saa, mipira yake ina kipenyo gani na inavumilia shinikizo gani. Tulikuwa na jedwali la rangi tatu linaloonyesha nani anafanya nini siku gani. Mlango haukuwamo.

Sista ni Mkenya, mtu wa Meru, na amekaa Uingereza miaka mingi kunizidi. Wodi yake ni ya wazee. Mimi ni fundi bomba, kwetu Lushoto, nilijifunzia boila kiwandani Tanga kabla maisha hayajanitupa huku Yorkshire. Tumezoeana kwa salamu za korido na malalamiko ya bei ya unga wa sembe kwenye maduka ya hapa. Hakuwahi kuniuliza jambo la kazi hadi siku ile.

Swali lake limenikaa kichwani wiki nyingi sasa.

## Mvuke uliobaki bila kazi

Niseme kwanza mradi wenyewe ni nini, halafu nirudi mlangoni.

Hospitali siitaji, ajira bado naihitaji. Ni moja ya zile zilizojengwa kipande kwa kipande: kipande cha matofali ya zamani, kipande cha zege cha miaka ya 1960, kisha vingine vimebandikwa kila serikali ilipopata fedha. Katikati kuna jumba la boila na dohani lake refu. Kutoka hapo mvuke ulikuwa ukipita kwenye handaki chini ya ardhi hadi chumba cha mitambo cha kila jengo, na huko ndiko ulikopasha maji ya rejeta za ukutani, zile bapa za chuma zinazopasha vyumba, na maji ya kunawa na kuogea.

Waliouchagua mvuke hawakuwa wajinga. Kilo moja ya mvuke ikigeuka kuwa maji huachia kilojuli 2,257 hivi za joto, zaidi ya mara 5 ya joto linalotumika kuyatoa maji kiasi hicho nyuzi 0 hadi nyuzi 100. Bomba jembamba linabeba joto jingi, na halihitaji pampu, kwa kuwa shinikizo lenyewe ndilo linalousukuma. Zamani hizo hospitali ilikuwa na dobi lake, jiko lake na mitambo yake ya kutakasia vyombo vya upasuaji, vyote vikila mvuke uleule.

Siku hizi shuka zinafuliwa nje na kurudi kwa lori. Chakula kinaletwa kimeshapikwa. Vyombo vya upasuaji vinatakaswa kwenye mitambo inayojitengenezea mvuke wake. Kwa hiyo jumba zima lilikuwa linachemsha maji hadi yawe mvuke, linausafirisha mvuke chini ya ardhi ukivuja njiani, ili mwisho wa safari uje kupasha maji ya rejeta yafike nyuzi 82 tu. Ukiwa fundi, roho inauma. Ukiwa mhasibu, inauma zaidi. Tena mwaka 2020 huduma ya afya ya taifa hapa, NHS, ilijiwekea lengo la kufikisha sifuri hewa ukaa inayotokana na shughuli zake yenyewe ifikapo 2040. Boila ya gesi inayovujisha mvuke haina pa kujificha kwenye hesabu hiyo.

Uamuzi ukawa mvuke utoke. Boila ndogo za maji moto na pampu joto, mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kulileta ndani, ziingie, jengo moja baada ya jingine.

Na wagonjwa wabaki ndani.

## Kuzima ndiyo kazi

Watu wakisikia kazi hii huuliza tunaingizaje mitambo mipya. Hiyo ni rahisi: kreni, njia ya kupitishia, mafundi wanaojua kuchomelea. Kinachokula akili ni kuzima wa zamani.

Kule kiwandani Tanga, boila ikitaka matengenezo tulisubiri kiwanda kifungwe. Shule husubiri likizo. Hoteli hufunga ghorofa moja ikawaambia wageni samahani. Hospitali haina likizo, na wala wakati wa joto hauiokoi kama nilivyodhani nilipoanza. Julai rejeta zimelala, ni kweli, lakini maji moto yanatakiwa mwaka mzima. Na vyumba vya upasuaji vina jambo la ajabu: hewa ya nje hupozwa kwanza ili unyevu udondoke, kisha hupashwa tena kidogo kabla haijaingia chumbani. Siku ya joto kali kuliko zote katika mwaka, mpasuaji bado anaihitaji boila.

Ndiyo maana ikaja boila ya kukodi, kontena zima juu ya trela, ikawekwa kwenye maegesho ya wafanyakazi. (Vita vya nafasi za kuegesha vilivyofuata vinastahili makala yake. Nimeona madaktari bingwa wakitishia kujiuzulu kwa ajili ya nafasi tano za gari.) Kutoka kwenye kontena, mipira minene ikapandishwa ukutani hadi chumba cha mitambo, ili kuunganishwa na mabomba ya jengo.

Kuunganisha kunataka kukata. Kukata kunataka kwanza maji yasimame. Kuyasimamisha kunataka vali inayofunga.

Vali za jengo la 1960 zimepakwa rangi juu ya rangi. Unaushika usukani unauzungusha, unazunguka vizuri kabisa, na ndani hakuna kinachofunga. Mhimili ulishakatika zamani. Ramani inaonyesha vali nyingine mbele yake. Unapandisha ngazi, unafungua dari, hamna vali. Au ipo, lakini inalisha korido ambayo ramani haijui kwamba ilijengwa.

Tulikuwa na mzee mmoja, fundi wa hospitali, amezunguka na jumba lile la boila karibu maisha yake yote ya kazi. Yeye haangalii ramani. Hutandaza kiganja juu ya bomba, anatulia kidogo, anahamia bomba la pili, anatulia, kisha anasema hili linakwenda wodi fulani na lile limekufa. Mara moja alituambia tukatafute vali juu ya dari ya stoo ya shuka. Mhandisi akasema haiwezekani. Ilikuwepo, tena inafunga.

Pale ambapo hata mzee hana vali ya kutuonyesha, tunagandisha. Nitaeleza maana ni kazi ninayoipenda. Unalivisha bomba koti la chuma lenye nafasi ndani, unamimina naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, iliyo nyuzi 196 chini ya sifuri. Maji ndani ya bomba lazima yawe yametulia, yakitembea, hayagandi. Koti linafoka ukungu mweupe unaoteremka sakafuni, maana ni mzito kuliko hewa, na theluji inatambaa juu ya bomba pande zote mbili, taratibu, sentimita kwa sentimita. Kifuani nimebandika kipimo cha oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, na naitrojeni ikijaa chumba kidogo inaifukuza oksijeni bila harufu wala dalili, unaanguka tu. Kipimo kikilia, unatoka mbio, unaacha kila kitu. Barafu ikishaziba bomba ndani, unafungua bilula ya kutolea maji upande wa pili. Yanatoka, yanapungua, yanadondoka tone tone, yanakoma. Hapo una muda wa kukata na kufunga vali mpya huku mwenzako akiendelea kulisha koti.

Upande wa pili wa barafu ile kuna wodi, na watu wamelala.

## Maji moto si anasa

Sista alipouliza kuhusu saa tisa usiku, wengi mle chumbani walifikiri anawaza baridi tu. Kuna jingine.

Julai 1976, askari wastaafu wa Marekani, wa chama cha American Legion, walifanya mkutano wao katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Walipoanza kurudi makwao wakaanza kuugua mapafu na kufa. Mwezi Januari 1977 wanasayansi wakampata mdudu mwenyewe, bakteria aliyepewa jina la askari hao, Legionella. Anaishi majini, na huambukiza mtu anapovuta matone madogo hewani. Uingereza nayo ilipata funzo lake mwaka 1985 huko Stafford: watu 28 walikufa, na chanzo kilikuwa mitambo ya kupoza hewa ya hospitali yenyewe.

Bakteria huyu hustawi kwenye maji ya kati ya nyuzi 20 na 45. Ndiyo maana hapa maji moto ya hospitali huhifadhiwa kwa nyuzi 60, na kwenye kurudi hayatakiwi kushuka chini ya 50. Kisha, kwa sababu nyuzi 60 zinamchuna mzee ngozi, kila karo na kila bafu linakuwa na vali ndogo ya kuchanganya, inayoyashusha hadi 41 au hapo karibu. Tunapasha ili kuua, halafu tunapoza ili tusiue.

Sasa fikiria tangi lililopoa hadi 45 likakaa hapo usiku kucha. Au kipande cha bomba tulichokata jana, kimebaki na maji yasiyotembea, mita moja nyuma ya ukuta. Vipande hivyo ndivyo vinavyoninyima usingizi kuliko boila. Kila tunapotenga tawi, tunalikata karibu kabisa na shina, hata kama kuacha kipande kidogo kungetupunguzia kazi ya siku nzima. Na wahudumu wanapita kufungulia mabomba yasiyotumika, maji yaende.

Vumbi nalo ni hatari, ila sitakaa sana hapo. Dari za jengo la 1960 zina asbesto kwenye makoti ya mabomba. Nchi hii iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, lakini iliyokwisha kufungwa ilibaki ilipo. Na hata vumbi lisilo na asbesto hubeba mbegu za kuvu, ambazo mtu mwenye damu iliyodhoofishwa na dawa za saratani hawezi kuhimili. Tunafanya kazi ndani ya mahema ya plastiki, feni inavuta hewa kuelekea kwetu na kuichuja. Ukitoka, unajifuta kama uliyetoka kusaga mahindi.

## Saa nne za mkataba

Nirudi kwenye kibali.

Mkataba wa boila ya kukodi ulisema hivi: ikizima, kengele inatuma ujumbe kwenye simu ya kampuni, na fundi wao anafika ndani ya saa nne. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Jengo la zege ni zito, halipoi haraka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isiwe chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi, na nilipopiga hesabu ya usiku wa Februari, wodi ya sista ingeanza kuikaribia 18 muda mrefu baada ya saa nne. Nilimpelekea hesabu ile.

Akaisoma yote, huyu hajui kudharau karatasi. Kisha akanipeleka kitanda cha dirishani. Dirisha la chuma halifungi sawasawa, na hewa inaingia mtu anausikia upepo shavuni. Mgonjwa pale ni mwembamba, hageuki bila kusaidiwa, na wa namna hiyo hatetemeki baridi inapomwingia. Anapoa tu kimyakimya. "Hesabu yako ni ya chumba," akaniambia. "Mimi nalinda huyu."

Na hizo saa nne, zinaanza kuhesabiwa lini? Ujumbe unapofika kwenye simu, au mkono wa fundi unapogusa boila?

Ndipo nikamwomba mzee na mlinzi wa zamu tufanye jambo ambalo halikuwa kwenye jedwali la rangi tatu. Tukajifanya sisi ndio fundi mgeni wa usiku. Tukaegesha gari nje, tukaanza kutafuta njia.

Geti la maegesho lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ufunguo uko kwenye meza ya walinzi, upande wa pili wa hospitali, na mlinzi aliyetakiwa kuwa mezani alikuwa kwenye mzunguko, maana ndiye huyuhuyu tuliyekuwa naye. Taa ya pale kwenye kontena haikuwaka. Mlango wa chumba cha mitambo una namba za siri, na zilikuwa zimebadilishwa. Njia ya ndani inapita kitengo cha kusafishia damu wagonjwa wa figo, ambacho usiku hufungwa. Na lori la dizeli, kama lingehitajika, lisingeweza kukunja kona bila kuziba njia ya magari ya wagonjwa.

Mlinzi akawa anacheka. Mzee hakucheka.

## Mtu aliyekuwa macho

Niliporudisha habari hizi ofisini, msimamizi wa mradi hakufurahi, na nataka kumtendea haki, kwa sababu hoja yake ilinisumbua kuliko alivyojua.

Alisema: boila za zamani zingeweza kuzima usiku wowote katika miaka kumi iliyopita. Nani aliuliza mlango? Nani alitia sahihi? Tukikubali kila wodi iweke sharti lake, mradi hautaisha, na kila mwezi unaochelewa ni mwezi mwingine wa wazee kulala juu ya mitambo iliyochoka. Kuchelewa nako kunaua, ila hakuna karatasi inayoandika hivyo.

Ni kweli. Hospitali za Uingereza peke yake, kwa hesabu ya mwaka 2023/24, zilikuwa na kiporo cha matengenezo ya pauni bilioni 13.8. Hatari ya zamani haina mwenyewe. Ipo tu, kila mtu kaizoea. Hatari mpya ndiyo inayokuja na jina la mtu chini ya fomu. Kwa siku kadhaa niliona msimamizi yuko sahihi, na kwamba sista anaibana hatari ndogo huku kubwa ikipita mlangoni pake bila hodi.

Kilichonigeuza ni chai ya mzee.

Nilimkuta jumbani, boila za mvuke bado zinanguruma, amekaa kwenye kiti kilichochakaa karibu na geji, birika liko juu ya jiko dogo la umeme, godoro dogo limekunjwa pembeni. Nikamuuliza, boila hizi zikizima usiku ilikuwaje? Akanishangaa. Zilizima mara nyingi sana, akasema. Mara nyingi mno. Mtu wa zamu aliwasha tena, akaendelea kusoma gazeti.

Nikasimama pale na kikombe mkononi. Boila ya mvuke ni chombo cha hatari. Kwa miaka yote hiyo ilibidi pawe na mtu wa kuikalia, usiku na mchana. Hakuna aliyeuliza mlango kwa sababu mtu alikuwa ndani ya mlango tayari. Tulipoandika orodha ya vitu vinavyotoka jengoni, tuliandika boila, mabomba, matangi, pampu. Mtu wa zamu hakuandikwa. Yeye hakuwa kifaa, wala hakuwa kwenye bajeti ya mradi. Alikuwa kwenye bajeti nyingine, ya mishahara, ambako alionekana kama akiba nzuri inayosubiri.

Mfumo mpya unalindwa na skrini. Skrini inajua mambo mengi kuliko mzee, tena inayajua mapema. Siidharau. Lakini skrini haina miguu.

## Joto lisiloshikika

Wakati huohuo kazi ya rejeta ilikuwa inaendelea, na nayo ilikuwa na ubishi wake.

Rejeta za zamani zilichaguliwa kwa maji yanayoingia na nyuzi 82 na kutoka na 71. Pampu joto haipendi hivyo. Inafanya kazi kwa nafuu maji yakiwa 55 au chini yake. Ukiyashusha hadi hapo, rejeta ileile inatoa takriban nusu ya joto lake. Kwa hiyo unaweka kubwa zaidi, yenye bapa mbili au tatu, na hiyo maana yake ni kuingia kila chumba chenye mgonjwa. Vitanda vinahamishwa vinne vinne. Unafanya kazi ya kelele saa ambazo hakuna chakula wala mzunguko wa madaktari wala wageni, na ukishaziondoa hizo unabaki na vijisaa viwili.

Mgonjwa mmoja hakuweza kuhamishwa, nikafanya kazi mita mbili kutoka kitandani pake. Alikuwa mchimba makaa ya mawe maisha yake yote. Hapa Yorkshire wapo wengi. Mgodi wa mwisho wa makaa wa chini kabisa ya ardhi nchini, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015 kwenye jimbo hilihili. Alinisimulia kwamba makaa waliyochimba yeye na wenzake ndiyo yaliyokuwa yakiwashwa kwenye jumba lile la boila kabla ya gesi. Alitaka kujua nafunga nini. Nikamweleza. Akanyoosha mkono taratibu akagusa rejeta mpya, imeshajaa maji, imeshapasha chumba.

"Haifanyi kazi," akasema.

Nikamwonyesha kipimo: nyuzi 22. Akatikisa kichwa. Nikamweleza kwamba kwenye wodi za wazee sehemu inayogusika haitakiwi kuzidi nyuzi 43, watu wameunguzwa na rejeta walipoangukia na kushindwa kuinuka. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema tena haifanyi kazi.

Namwelewa. Kwetu Lushoto, Juni na Julai ukungu ukishuka mpaka mlangoni, hakuna anayeuliza chumba kina nyuzi ngapi. Unanyoosha mikono juu ya jiko la mkaa, unayaona makaa mekundu, ndiyo umepata joto. Joto la kupimwa kwa namba linataka uwe na imani na aliyeshika kipimo. Wauguzi waliniambia kwamba wiki zile za mwanzo wagonjwa waliomba blanketi zaidi, chumba kikiwa na joto lilelile la zamani. Mhandisi akasema ni mazoea, yataisha. Labda. Mzee wa miaka 88 ana muda gani wa kuzoea?

## Karatasi ya ukurasa mmoja

Sista alitia sahihi mwishowe. Hakutia kwa kubembelezwa. Tulimpelekea ukurasa mmoja: nani anapigiwa kwanza, nani wa pili; ufunguo wa geti uko wapi na nakala yake kwa nani; namba za siri zinabadilishwa na nani na anamwarifu nani; lori la dizeli linaingilia barabara ipi. Na mstari wa mwisho, uliogharimu vikao vingi kuliko vingine vyote: katika usiku wote wa kuhamisha mfumo, fundi mmoja analala jumbani.

Mara kadhaa fundi huyo nilikuwa mimi. Nilitumia godoro la mzee.

Mnataka kujua kama boila ilizima saa tisa usiku. Haikuzima hata mara moja. Ilizima saa nane mchana, Jumatano, wakati kila mwenye cheo hospitalini alikuwepo, na watu wakajazana kwenye kontena kutoa ushauri hadi fundi wa kampuni akashindwa kupita. Ilikuwa chujio la dizeli limeziba. Likabadilishwa, ikawaka, wodi haikushuka hata nyuzi moja.

Kwa hiyo mhasibu ana hoja. Fedha za kumlaza fundi zilitumika na hazikununua kitu kinachoonekana. Nikiulizwa kwenye kikao nithibitishe kwamba zilisaidia, siwezi. Nina hesabu inayoonyesha zege linapoa polepole, na nina shavu la mgonjwa wa kitanda cha dirishani, na hivi viwili havijumlishiki.

Mzee amestaafu. Tulimuaga kwenye jumba lenyewe, boila za mvuke zimeshapoa, mtu kaleta keki. Kabla hajaondoka nilimwomba azunguke na mimi mara moja tuandike chaki kwenye mabomba anayoyajua, kisha nikapiga picha. Ramani mpya zina hizo picha sasa, ingawa mhandisi aliuliza kama inafaa kuweka maandishi ya chaki kwenye hati rasmi.

Awamu ya pili ni jengo la wazazi. Kule kuna vichanga waliozaliwa kabla ya wakati, ambao wenyewe hawawezi kutunza joto la mwili, na baridi kidogo tu kwao ni habari nyingine kabisa. Rasimu ya bajeti imeshatoka. Ina skrini mbili, kengele kwenye simu nne, na mkataba wa saa tatu badala ya nne. Mstari wa fundi wa usiku haumo. Nimeandika barua kueleza kwa nini urudishwe, nikiambatanisha ule ukurasa mmoja. Sista naye, ingawa jengo hilo si lake, ameandika ya kwake, kwa Kiingereza kikali kuliko changu. Majibu yanatarajiwa baada ya kikao cha mwezi ujao, na ratiba inasema kukata kunaanza wiki mbili baadaye.